Maneno Yanayohama Boksi

Mwaka 1976, nikiwa na miaka kumi na moja, mama alifariki akijifungua, na baba akaondoka kwenda kutafuta maisha upande wa Geita. Hakurudi na wala hakutuma salamu. Shida yangu ilianzia hapo. Nilikuwa darasa la nne. Dada yangu Minza, aliyekuwa ameolewa ng'ambo ya pili ya ziwa, ndani huko Sengerema, alivuka maji akaja kunichukua. Njiani nilipochoka alinibeba mgongoni, japo nilikuwa mkubwa wa kubebwa na yeye mwenyewe alikuwa na mimba. Shule ikaishia hapo. Nililima kwake, nikachota maji kwake, nikala chakula chake mpaka nilipopata akili ya kuja Mwanza kutafuta kazi.

Sitaki mnihurumie. Nayaeleza haya ili mjue anayesema nanyi ni nani. Naitwa Kabula. Nimefanya kazi ya kupanga maandishi kwenye kiwanda cha uchapaji tangu enzi za herufi za risasi, zile za madini zilizopangwa moja moja kwa mkono, hadi enzi za kompyuta, na hakuna aliyenishika mkono kuniingiza. Niliingia kwa ufagio. Nilikuwa nafagia chini ya meza, naokota herufi zilizodondoka, nazirudisha kwenye vyumba vyake sandukuni, na kwa kuokota huko nikazijua. Nilizijua kinyumenyume, maana herufi ya risasi imegeuzwa. Mpaka leo ukinipa gazeti juu chini nalisoma bila kuligeuza.

Sasa nyie vijana mnaofungua vibanda vya stationari pale Mkuyuni na Igoma, mnaotengeneza kadi na vipeperushi na vitabu vya kanisa, nawaandikia nyie. Juzi nilipita kwa mmoja wenu, kijana mpole, shikamoo yake ya kuinama kabisa. Alikuwa anapanga maelezo ya dawa ya kuku. Nikaona alama nyekundu pembeni ya boksi la mwisho. Nikamwuliza, hiyo umeiona? Akasema, bibi, hiyo ipo tu, haitoki kwenye karatasi. Kweli, haitoki kwenye karatasi. Nilikaa chini kwenye benchi lake. Akanipa maji akidhani ni joto.

Nianze taratibu kwa ambaye hajaigusa kazi hii. Kwenye programu ya kupangia kurasa huandiki juu ya ukurasa kama unavyoandika barua. Unachora boksi, maneno yanakaa ndani ya boksi. Likijaa, yanayozidi hayaonekani. Hayajafutika, yapo, ila yamejificha nyuma, na kompyuta inakuwekea alama ndogo nyekundu chini pembeni. Ukibofya alama hiyo kisha ukabofya boksi jingine, umeyaunganisha. Sisi tulisema umelinki. Kuanzia hapo maneno yaliyozidi kwenye boksi la kwanza yanamwagikia la pili, ya la pili yanamwagikia la tatu. Ukipunguza maneno huku, ya kule yanarudi nyuma. Ukiongeza, yanasogea mbele. Yanasogea yenyewe, bila kukuuliza.

Fundi aliyetuletea programu alikuwa na majina yake ya Kiingereza ambayo hayakunikaa mdomoni. Mimi nikayapa maboksi majina ya kwetu. La kwanza Kulwa. Linalopokea kutoka kwake Doto. Linalofuata baada ya hao mapacha ni Shija, kama watoto wanavyoitwa Usukumani. Bosi wangu Jitu alicheka siku hiyo mpaka akakohoa, lakini haukupita muda naye akawa anapaza sauti kutoka ofisini kwake, "Kabula, Doto amejaa, mwangalie Shija." Wateja walidhani tuna watoto wadogo nyuma ya pazia.

Huyu Jitu ni Mhindi wa hapa hapa, amezaliwa Mwanza, baba yake ndiye aliyefungua kiwanda. Tulikuwa rika moja. Tulikua pamoja, mimi nikifagia na yeye akifundishwa kukaa kwenye kiti cha bosi. Kisukuma chake chote kilikuwa cha matusi na cha kuuliza bei ya ng'ombe. Mtu mzuri, lakini mwenye haraka. Kompyuta ilipofika aliipenda kama mtu aliyeoa upya. Kulinki maboksi ndiko kulimlevya zaidi. Alilinki kila kitu. Kalenda ya kanisa alilinki Januari mpaka Desemba, mtu akiongeza sikukuu ya mtakatifu somo wake mwezi wa tatu, tarehe za mwezi wa kumi zinaingia wa kumi na moja. Nilikuwa nasubiri atoke kwenda kula, nakata zile linki, nakaa kimya.

Maana mimi nilifundishwa na mtu wa risasi. Mzee Anselmi, Mhaya mmoja mwenye kidole kimoja kifupi, kilichokatwa na mashine ya kukatia karatasi kabla sijazaliwa. Alikuwa na dharau kwa kila mtu mwenye vidole vyote, akisema hao bado hawajajifunza. Alinifundisha kwa kunitisha. Alikuwa anachomoa mstari mmoja kwenye kazi yangu makusudi, ananiambia nisome. Nikisema iko sawa, ananinyima chai. Nilijifunza kusoma kutafuta kisichokuwepo, na hiyo ni kazi tofauti kabisa na kutafuta kilichokosewa. Kilichokosewa kinakuita. Kisichokuwepo kimenyamaza.

Anselmi alisema risasi ni nzito kwa ajili ya kutulinda. Mstari wa risasi ukitaka kuuhamisha lazima uubebe kwa mikono miwili. Ukidondoka, jengo zima linasikia, na baba yake Jitu anatoka na bakora yake. Kompyuta ilipokuja mzee alikuwa keshastaafu. Alikuja siku moja kutembea, nikamwonyesha maneno yanavyohama kutoka Kulwa kwenda kwa Doto. Nilidhani atafurahi. Alisimama nyuma ya kiti changu akitazama maandishi yakiteleza, nikaona ameshika meza. Akauliza, "Na yakianguka, yanalia?" Nikamwambia hayalii. Akavaa kofia yake akaondoka bila kunywa chai.

Msidhani miaka yote ilikuwa ya huzuni. Tulicheka sana. Kuna kadi ya harusi mteja aliisoma kwa simu, mtu wa kwetu huko, r na l kwake ni ndugu wa tumbo moja. Aliyeipokea ni msaidizi wa mapokezi, naye ni wa kwetu, akaandika kama alivyosikia. Kadi zikatoka zimeandikwa "Mahari: Ukumbi wa Kanisa, Mkuyuni." Yaani badala ya mahali pa sherehe, wakatangaza kwamba binti ameolewa kwa ukumbi. Baba wa bibi harusi alikuja akiwa mwekundu, lakini mjomba wake alikuwa nyuma yake anashika mbavu. Alisema kama ukumbi ndio mahari basi familia imepanda daraja.

Na kuna gazeti la shule moja ambalo Jitu alililinki lote. Mwalimu akaongeza sentensi mbili kwenye taarifa ya msiba wa mzazi, zikasukuma mkia wa habari ile kwenye boksi la mapishi ya kuku. Likasomeka kwamba marehemu atakumbukwa kwa ucheshi wake, kaanga mpaka awe rangi ya kahawia. Tuliyachoma yote kabla hayajatoka. Jitu alicheka. Mimi nilicheka pia, lakini niliona jinsi sentensi ile ilivyokaa vizuri. Haikuwa na kosa la herufi. Nukta ilikuwa mahali pake. Mtu asiyejua angeisoma mpaka mwisho na kupindua ukurasa.

Sasa nawaambia habari ya kipeperushi cha dawa, na hii sicheki.

Masanja alikuwa muuza pembejeo wa Igoma. Alitaka kipeperushi cha kukunja, chenye mikunjo mitatu. Mkunjo wa kwanza picha ya dawa nyeupe, ile ya kuhifadhia mahindi ghalani, ambayo ukifika wakati wa kula unaosha mahindi na kupika. Mkunjo wa pili picha ya dawa nyekundu, ya kupaka mbegu kabla ya kupanda. Hiyo ni sumu. Mbegu iliyopakwa hailiwi na mtu wala mnyama hata uioshe vipi. Mkunjo wa tatu picha ya duka lake, tahadhari za jumla, mtu akimeza afanye nini, na namba ya simu.

Mimi nilikuwa nimekwenda msibani Magu. Jitu akaikamata kazi mwenyewe, akaipanga vizuri, na kwa kawaida yake akalinki mikunjo yote mitatu, Kulwa, Doto, Shija. Nimeona majaribio yake ya kwanza, yalikuwa safi. Kisha Masanja akaja kuangalia, akasema herufi ni ndogo mno, wazee wa vijijini hawataona. Alisema kweli. Jitu akaongeza ukubwa wa herufi, akachapa.

Niliporudi kazi ilikuwa imeshaondoka. Masanja alifurahi, akanipa pakiti moja ya kila dawa kama ahsante, na kipeperushi kimekunjwa juu yake. Ilikuwa mwanzo wa mvua za kupanda. Nikampa mtu anayevuka ampelekee dada Minza, maana kila mwaka panya na wadudu walimmalizia mbegu. Nilijisikia mtu mkubwa siku hiyo. Nilikuwa namlipa kidogo mgongo wake ule.

Mvua ile ikakatika. Wengine mnakumbuka miaka ya namna hiyo kwa kusimuliwa. Watu walikuwa wameshapaka mbegu, wakapanda nusu, nusu ikabaki ndani inasubiri mvua isiyokuja. Ghala likawa tupu. Mahindi pekee yaliyokuwa nyumbani kwa wengi yakawa yale mekundu kwenye kapu.

Masanja akarudi kutaka vipeperushi vingine. Jitu akaniita niifungue kazi, nibadilishe tu rangi ya duka kwenye picha. Nikaifungua. Kitu cha kwanza nilichoona ni alama nyekundu kwenye pembe ya Shija.

Nikamwuliza Jitu, hii imekuwaje. Akaja na kikombe chake mkononi, akainama. Akasema, "Niliongeza herufi kidogo tu."

Kidogo tu. Nikachapa nakala moja, nikaikunja kama mkulima atakavyoikunja, nikaisoma kwa kidole. Mkia wa maelezo ya dawa nyeupe ulikuwa umehamia mkunjo wa pili. Chini ya picha ya dawa nyekundu, mstari wa juu kabisa, kwa herufi kubwa nzuri za kuonwa na wazee, palisomeka: "Ukitaka kula, osha vizuri kwa maji safi mara mbili, kisha pika chakula cha familia kama kawaida." Na ile sentensi ya kwamba mbegu hii ni sumu, hailiwi, ilikuwa imesukumwa mkunjo wa tatu, imekaa chini ya picha ya duka la Masanja, kana kwamba kisicholiwa ni duka. Mambo ya mtu akimeza apelekwe wapi, na namba ya simu, vilikuwa vimedondoka kabisa nyuma ya boksi. Havikuchapwa. Vilikuwa ndani ya kompyuta vimekaa salama.

Nilimpa Jitu karatasi. Alisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma tena akiwa amekaa. Masanja alikuwa bado anaongea habari ya rangi ya duka. Jitu akamsomea. Masanja akaacha habari ya rangi, akatafuta mfuko mtupu.

Nikakumbuka pakiti nilizompelekea dada Minza, naye hakuwa na simu. Kijijini kwake simu ilikuwa ya mwenye duka mmoja, na siku hiyo haikupatikana. Tulijaribu tukiwa ndani ya pikapu ya Jitu njiani kwenda kivukoni Kigongo, mimi nimeshika simu yake sikioni mpaka sikio likauma. Yule mwanamke wa kwenye mtandao anasema namba haipatikani, kwa sauti nzuri, kana kwamba ni habari ya kawaida. Masanja alikaa nyuma juu ya tairi la akiba akiwa na mfuko mtupu wa kukusanyia karatasi.

Pantoni ilikuwa ng'ambo, upande wa Busisi, tulipofika. Mnaovuka sasa kwa daraja hamjui kusubiri kule. Unaiona pantoni, unaona watu wadogo wakitembea juu yake, huwezi kuifanya lolote. Niliwaza saa za kupika. Dada hupika mchana mahindi ya kuchemsha ili yaishie jioni. Mahindi magumu yanachukua muda. Nikawa naomba kuni za dada ziwe mbichi. Ombi gani hilo, mtu kumwombea dada yake kuni mbichi, lakini ndilo lililonijia. Jitu alikuwa anasema maneno ya kwao chini chini, midomo inakwenda. Tulipopanda, akaniuliza kama dada anajua kusoma. Nikamwambia hajui. Uso wake ukapata nuru kidogo, akasema basi huenda hakukisoma.

Nikamwambia, "Mkamwana wake Tabu anajua. Amemaliza la saba."

Akarudi kwenye usukani kabla pantoni haijagusa ng'ambo.

Nilimwona dada kwa mbali amekaa kwenye kigoda, na moshi unatoka jikoni. Wajukuu walikuwa uani. Niliwahesabu kwa macho nikikimbia na nikapoteza hesabu nikaanza tena. Wote walikuwa wanatembea. Kiatu changu kimoja kilibaki njiani. Sikumsalimia dada yangu. Nilipita moja kwa moja jikoni, Tabu alikuwa amechutama anakoleza moto, nikaona chungu kinatokota, mahindi na maharage machache, na mahindi yale yalikuwa na weupe usio wake, weupe wa kitu kilichosuguliwa. Nikauliza mmekula. Tabu akashtuka, akasema, "Bado mama, shikamoo, bado hayajaiva."

Nikakishika kile chungu kwa mikono mitupu nikakimwaga uani. Alama za moto ninazo mpaka leo kwenye viganja.

Watoto wakaanza kulia kwa sababu ya chakula. Dada alisimama. Mwanamke yule hakuwahi kunipiga tangu anibebe mgongoni, lakini siku hiyo aliinua mkono. Akasema, "Wewe Kabula. Umeshiba mjini ukaja kumwaga chakula cha watoto, mwezi kama huu?"

Nikasema dada, hayo ni sumu.

Akasema, "Karatasi umeileta wewe. Imesema tuoshe tule. Tabu, msomee."

Tabu akaileta. Ilikuwa imetunzwa kwenye mfuko wa nailoni, haina hata kunjo la ziada, kwa sababu ilitoka kwangu. Akaanza kusoma kwa sauti ya shuleni, akifuata kwa kidole, ukitaka kula, osha vizuri. Alisoma bila kukwama. Jitu aliyekuwa amefika akihema alimwambia aache. Alimwambia kwa upole sana, mama, acha, usisome, ni kosa letu.

Dada hakumwelewa. Hakumwelewa hata Masanja aliyeeleza habari ya mikunjo. Nani angeelewa, maneno yanayotembea yenyewe kutoka picha hadi picha? Mtoto mmoja ndiye aliyemaliza ubishi bila kujua. Alikuja akivuta kuku kwa bawa, akasema bibi, huyu naye. Tukatazama nyuma ya ghala. Tabu alikuwa ameoshea mahindi pale, mara mbili, kwa maji safi kama karatasi ilivyosema, na maji yake akayamwaga hapo chini. Kuku walikuwa wamelala pembezoni mwa ule unyevu, miguu imenyooka. Mmoja alikuwa bado anafungua na kufumba mdomo.

Dada alishusha mkono. Aliwaita wajukuu mmoja mmoja, akawa anawanusa midomo. Hata waliokwisha kunuswa walirudi wakanuswa tena. Kisha akanigeukia. Hakunilaumu. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Na wenzetu huko waliopewa karatasi hizi?"

Ndiyo tukatoka. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, tukafika minadani, tukafika makanisani. Jitu, mtu ambaye kwao hata chai ya mtu mwingine alikuwa anaikubali kwa shida, aliingia vibandani akipiga magoti mbele ya akina mama akiomba karatasi yake. Masanja alibadilisha mbegu nyekundu kwa unga wa kula mpaka duka lake likatikisika. Baadhi ya watu walitufichia karatasi wakidhani tunawanyang'anya kitu cha maana. Mzee mmoja alisema serikali imeleta, ninyi nani. Nyingine tulizikuta zimefungia tumbaku, nyingine zimebandikwa ukutani kama pambo, picha ya dawa nyekundu ikiwa juu. Tulizozikusanya zilijaza mfuko na tukauchoma. Hatukukusanya zote. Watu husafiri, karatasi husafiri nao, nyingine zilishavuka kwenda visiwani kabla yetu.

Hatukusikia habari ya kifo. Nasema hatukusikia. Kule mtu akifa kwa tumbo, watu husema tumbo.

Sasa nisikilizeni jinsi ninavyofanya, maana hofu peke yake haipangi ukurasa. Mambo mawili yasiyo ya habari moja usiyalinki, hata kama yamekaa jirani. Dawa hii boksi lake, dawa ile boksi lake, na kila moja lijae lenyewe na lifurike lenyewe ulione. Linki ni ya hadithi moja ndefu inayotoka ukurasa hadi ukurasa. Mwisho wa kila maandishi, kabla hujapanga chochote, andika neno KWISHA kwa herufi kubwa. Ukimaliza kupanga, litafute neno hilo kwa macho. Ukiliona, maneno yote yamefika. Usipoliona, kuna watu wamebaki nje mlangoni. Lifute mwishoni kabisa, ukiwa tayari kuchapa. Mteja akisema ongeza herufi kidogo, simama, rudi Kulwa, soma mpaka Shija upya kama hujawahi kuiona kazi hiyo. Kisha ichape, ikunje kama atakavyoikunja mwenye nayo, na usome kila kilicho chini ya kila picha ukijifanya hujui kitu. Msisomee kwenye kioo cha kompyuta. Kioo kinaonyesha alama nyekundu, karatasi haionyeshi, na mkulima hapewi kioo.

Tulichapa vipeperushi vipya, bila linki hata moja. Ilipofika mahali pa namba ya simu, Masanja akasema yake isiandikwe. Alikuwa ameanza kuamka akipiga kelele, mke wake aliniambia. Jitu akaangalia chini, akasema kiwanda kina simu ya mezani na jioni kinafungwa. Nikawaangalia wanaume wawili wazima. Nikasema weka yangu.

Kwa hiyo wananipigia. Miaka imepita na karatasi zile mpya bado zipo kwenye kuta za watu. Wengi wanauliza kama dawa bado inapatikana. Mwanamke mmoja wa visiwani aliuliza kama hapa ndipo kwa dawa nyekundu, nikamwambia ndiyo, akasema mwanawe amelamba kidole. Nilimwambia asimtapishe, apande boti sasa hivi ampeleke hospitali na pakiti mkononi. Simu ikakatika. Nilikaa nimeishika mpaka kesho yake alipopiga kusema mtoto anakula uji. Sijui hata jina lake.

Jitu amehamia kwa watoto wake, Masanja tumemzika. Mimi nimestaafu, na nilichonacho ni hiki. Nyumba ya vyumba vinne Igoma, niliyoijenga mwenyewe. Kompyuta mbili, moja haiwaki. Mashine ya kukatia karatasi, na vidole vyangu vyote. Ng'ombe watatu na ndama wao kwa dada Minza, ambaye yu hai na haoni vizuri. Kiwanja Kigongo. Sanduku la herufi za risasi ambalo hakuna anayelitaka. Na laini ya simu, ile ile. Ikiita naipokea hata nikiwa kanisani, nasema haloo, kisha nanyamaza kwanza, nisikilize kama kuna mtoto analia nyuma ya anayepiga.